Fundi Aliyenyamazisha Kikohozi Chake

Yule fundi wa mabomba ambaye mtaa mzima ulimwita Koki hakuanguka kama watu wanavyodhani wenye kiharusi huanguka. Mkono haukufa, mguu haukufa, mdomo haukwenda upande. Alikuwa amelala chali chini ya sinki la kiwanda kidogo cha mikate, spana mkononi, akikaza nati, mara nati moja ikawa mbili. Alipofumba jicho moja ikarudi kuwa moja. Alipolifumbua zikawa mbili tena. Akajivuta akatoka, akasimama, na sakafu ikamsukumia kushoto kana kwamba jengo limeinamishwa. Kisha kwikwi ikamshika. Waokaji wakacheka, wakamwambia amekula mkate wa moto kwa pupa, na mmoja akamletea bilauri ya maji aikate hiyo kwikwi. Akapiga funda moja. Maji yakatokea puani.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na miwili kati ya hiyo aliimaliza kwenye mabomba. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu na kibaraza kilichozibwa kwa mabati, ndiyo karakana: mabomba yamesimamishwa ukutani kwa kufuata unene, mikebe ya viungo vya shaba, meza yenye jiriwa. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake ikikaa chumba cha mbele karibu na dirisha. Mtoto wao wa pekee, binti wa miaka ishirini na saba, aliuza dawa katika duka la dawa la barabara kuu na bado aliishi nao.

Koki alikuwa mzito kazini, na wateja wenye haraka walimkimbia. Waliobaki walibaki kwa sababu ya geji. Kila alipomaliza kutandika mabomba ya nyumba aliziba midomo yote, akajaza maji, akayasukuma kwa pampu ya mkono mpaka mshale wa geji, kipimo cha msukumo wa maji, ufike alipotaka, akafunga, akaenda zake. Kesho yake alimwita mwenye nyumba aje autazame mshale kwa macho yake mwenyewe. Ukiwa palepale, alikabidhi kazi. Ukiwa umeshuka hata kwa upana wa unywele, alirudi na tindo akavunja ukuta. Yupo mtu aliyembembeleza aache, kwa kuwa vigae vya bafu vilikwisha kubandikwa na harusi ilikuwa keshokutwa. Koki alivunja vigae. Wageni wa harusi wakaoga kwa ndoo, na mwenye nyumba akamnunia mwaka mzima, kisha akamletea nduguye kuwa mteja. Huo ndio uaminifu wa fundi, na hauna kingine cha kuongezwa.

Nauweka wazi mapema ili msomaji asije kudhani nasimulia habari za mlaghai.

Hospitali walisema mshipa mdogo wa damu ulio nyuma ya shingo umeziba, na sehemu ya shina la ubongo isiyozidi punje ya harage imekufa. Kwa punje hiyo moja, kope ya kushoto ililegea, shavu la kushoto likafa ganzi, sauti ikakauka, na mkono wa kulia ukapoteza kitu cha ajabu: ulikuwa na nguvu zake zote lakini haukujua moto na baridi. Aliweza kukamata birika linalochemka akaendelea kuongea. Hayo yote angeishi nayo. Asiloweza kuishi nalo ni kwamba hakuweza kumeza. Hata mate yake mwenyewe yalimshinda. Alitembea wodini akiwa na mkebe mkononi, akiyatema, mtu mzima mwenye miguu mizima na mabega ya fundi. Wagonjwa wengine waliulizana yule mwenye mkebe anaumwa nini.

Mpira mwembamba ulipitishwa puani mpaka tumboni, akawa analishwa humo. Ndipo akaja mtaalamu wa kumeza, mwanamke mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, asiyependa kurudia maneno. Alivuta stuli akakaa na kumweleza kazi ambayo Koki aliifanya mara mamia kila siku tangu kuzaliwa bila kujua kuwa anaifanya.

Alisema kinywani mtu ni bwana. Anatafuna anapotaka, ulimi unakusanya tonge na kulisukuma nyuma. Lakini tonge likishapita shina la ulimi, mwenyewe hana tena amri. Mishipa ya fahamu iliyo kooni inapeleka habari kwenye shina la ubongo kwamba kuna kitu kimefika, na huko kuna fungu dogo la chembe linalotoa amri kwa jozi zipatazo thelathini za misuli, kila moja kwa zamu yake, zote ndani ya sekunde moja hivi. Njia ya puani inafungwa. Pumzi inasimama. Sanduku la sauti linapanda juu na mbele, kifuniko chake kinainama, na nyuzi za sauti zinabana. Mdomo wa umio, njia ya chakula, ambao siku zote umekazwa, unalegea na kupokea. Kisha kila kitu kinarudi mahali pake na pumzi inaendelea. Msuli mmoja ukichelewa, maji yanakwenda mapafuni.

Koki alisikiliza kama anavyosikiliza fundi mtu anapomchorea ramani ya nyumba. Akauliza kwa sauti yake iliyokauka:

"Kwa hiyo valvu zangu ni nzima. Aliyekufa ni mwendeshaji."

"Nusu ya mwendeshaji," alijibu mtaalamu. "Nusu ya pili ipo, na ndiyo tutakayoifundisha. Miezi ya mwanzo ndiyo inayofundishika. Ikipita, inakuwa ngumu."

Baada ya wiki tatu alimruhusu arudi nyumbani na mpira wake wa puani, na mazoezi. Mara tatu kwa siku, vijiko ishirini vya maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito, kwa kuwa maji mepesi hukimbia haraka kuliko koo lililochelewa. Ageuze uso kushoto, ainamishe kidevu, azuie pumzi, ameze kwa nguvu, kisha ameze tena. Na akampa mkewe karatasi yenye mistari. Kila kijiko kikifuatwa na kikohozi, aweke alama. Alimtazama mama yule machoni na kumwambia kikohozi si aibu wala si kosa. Ni mlinzi aliyeona mwizi akapiga yowe, na yeye mtaalamu anataka kusikia kila yowe. Wangerudi baada ya mwezi. Karatasi ikionyesha nafuu na kifua kikiwa safi, mpira ungeanza kuondolewa. La sivyo, angetobolewa tumbo na kuwekewa mpira wa kudumu.

Koki alikuwa amemwona mwenye mpira wa tumboni. Alikuwa kitanda cha jirani, mzee aliyelala akitazama dari huku muuguzi akimimina chakula kwa bomba la sindano na kuongea na mwenzake habari za viatu. Njiani kurudi nyumbani alimwambia mkewe neno moja tu, kwamba hilo hapana. Atatembea na mkebe mpaka kaburini, lakini tumbo lake halitatobolewa.

Siku ya kwanza mkewe aliweka alama kumi na moja kwa kila vijiko ishirini. Ya pili tisa. Ya tatu kumi. Ya nne nane. Ya sita, saba. Saba ile ilikuwa ya kweli, na ukiitazama vizuri ilikuwa habari njema kuliko zote nyumba ile iliyopata tangu ugonjwa uingie. Punje ya ubongo iliyobaki ilikuwa inajifunza. Laiti wangeridhika na saba.

Siku ya saba alikuja mwashi, jirani wa ukuta mmoja. Walikuwa wamefanya kazi pamoja nyumba nyingi, na utani wao ulikuwa wa siku zote kwamba mmoja anajenga na mwingine anabomoa. Alimkuta Koki ameketi chumba cha mbele, mpira umebandikwa shavuni kwa utepe wa hospitali, mkewe akimpa kijiko. Akachungulia bakuli.

"Koki, hayo maji ni ya kunywa au ya kupigia plasta ukutani?"

"Ya plasta," alisema Koki. "Nikikohoa ujue imepasuka, uje kuziba."

Wakacheka wote watatu. Kijiko kilichofuata kilikwenda vibaya. Koki alihisi yowe linapanda kooni, na mbele yake, hatua moja tu, alikuwa mgeni wake kavaa shati safi. Hakutaka kumrushia mate. Akakaza kifua, akafunga mdomo, akashika ukingo wa kiti. Machozi yakamtoka na mishipa ya shingo ikamsimama, lakini hakukohoa. Kikatulia. Kilichofuata akakibana vilevile, na cha baada yake. Mwashi hakuona kitu ila mtu anayekunywa.

Akasema, "Wewe umepona. Nimekaa hapa nusu saa sijasikia hata kikohozi kimoja. Nakwenda kuwaambia watu."

Naye akaenda, akawaambia. Mtu mwema kabisa, aliyependa kupeleka habari njema, na hakujua amepeleka nini.

Mwashi alipotoka, mkewe alikuwa bado ameshika kalamu. Koki aliitazama karatasi. Akasema leo hakuna cha kuandika. Mkewe akasema aliona. Koki akamwambia aliona mtu anasafisha koo, na kusafisha koo si kukohoa. Mkewe akasema hata kusafisha hakusafisha, alibana. Koki akauliza kama juu ya karatasi ile pameandikwa "kubana". Hapakuwa pameandikwa. Palikuwa pameandikwa "kikohozi".

Mkewe akaandika sufuri.

Mwanamke huyu alikuwa mshonaji wa miaka mingi. Mshono ukikosea uzi mmoja katika gauni zima aliuona akiwa mlangoni, akaufumua. Hawezi kusema hakuona mumewe akilia kwa kijiko cha maji. Aliona kila siku, asubuhi na mchana, na aliandika sufuri kila siku kwa mkono wake mzuri wenye kunyooka. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba usiku ule aliposikia neno la kutobolewa tumbo hakulala, na kwamba mumewe alimwomba, na kwamba katika miaka thelathini hakuwahi kumwomba kitu zaidi ya maji ya kuoga. Jibu hilo ni la kweli, na halimtoi hatiani. Mtu akitaka kujidanganya, msaidizi wa kwanza humpata kitandani mwake. Adui angemwandikia alama zake zote bila huruma, na angemwokoa.

Koki mwenyewe alikuwa na hoja, na hoja yake ilitoka kazini. Yapo mabomba yanayogonga. Ukifunga koki ghafla, ukutani panasikika ngu, ngu, ngu, na mwenye nyumba halali. Fundi anakwenda, anakaza vishikizo, anatuliza mwendo wa maji. Ngu inakoma, na mabomba yale hukaa miaka. Kumbe hata koo, alisema, linataka kuzoezwa kunyamaza. Kila alipobana alijihesabia ushindi. Na kweli, kubana kukawa kunapungua ugumu. Wiki ya pili machozi yaliacha kumtoka. Wiki ya tatu hapakuwa tena na kitu cha kubana: kijiko kiliteremka, yeye akangoja yowe, yowe halikuja. Alifurahi siku hiyo kuliko siku aliyotoka hospitalini. Alimwambia mkewe sasa si uongo tena, sufuri imekuwa sufuri halisi. Akaomba maji mepesi, ya bilauri, kwa siri. Akapewa. Akayanywa akiwa amesimama karakanani, yakaenda kimya yote.

Hapo ndipo yeye, mtu aliyekataa kumkabidhi mteja bafu kwa sababu ya unywele mmoja, alipojikabidhi mwili wake mwenyewe.

Zoezi la jioni lilikuwa la binti, akirudi kazini. Alimwamkia baba yake, akanawa mikono, akachanganya unga. Kwa siku kumi alizipokea zile sufuri kwa moyo mweupe. Aliwaambia hata wenzake dukani kwamba baba anakunywa. Lakini alikuwa mtu wa dawa, na kuna vitu alivizoea. Alisikia sauti ya baba yake baada ya kumeza, ina mlio wa mtu anayeongea huku maji yamesimama kooni. Aliona shati la mgongoni limelowa saa za jioni. Akampima joto, likawa thelathini na nane na kidogo. Baba alisema ni bati. Jua limelipiga bati mchana kutwa. Siku ya pili akapima, likawa vilevile, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Akaweka kipimajoto mezani. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Baba, unabana kikohozi?"

Koki hakukasirika. Alimweleza habari za mabomba yanayogonga, polepole, kama alivyomweleza alipokuwa mtoto akimshikia taa. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kugonga ni kelele tu, baba. Kikohozi ni geji. Wewe umeifunika geji."

Koki alitema mate kwenye mkebe, akajifuta. Nadhani alielewa, fundi wa aina yake hawezi kuambiwa neno lile asielewe. Lakini kuelewa ni kazi ya kichwa, na yeye alikuwa amekwisha kuamua kwa tumbo.

"Zimebaki siku nane," alisema. "Sitatobolewa nikawa natiwa chakula kama gari linalotiwa mafuta. Mwanangu, niachie hizo nane."

Binti alikuwa na namba ya simu ya mtaalamu. Alikuwa amepewa siku ile ile ya kutoka, akaambiwa homa ikipanda apige, hata kama ni siku ya mapumziko. Aliifungua namba ile akaitazama. Mama yake alianza tena kushona, akaharibu mshono, akafumua. Binti akaiweka simu mfukoni. Akajiambia siku nane si nyingi, atampa dawa ya kushusha homa, na hospitali wataona wenyewe. Watu watatu wenye kupendana wakawa kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa uongo.

Siku ya kurudi hospitali Koki alinyoa, akavaa koti. Alipanda ngazi taratibu, akipumua kwa mdomo, akasema ngazi za serikali hazina kipimo. Mtaalamu aliipokea karatasi na kuisoma kutoka juu mpaka chini. Kumi na moja, tisa, kumi, nane, nane, saba. Kisha sufuri, sufuri, sufuri, mpaka mwisho wa ukurasa. Aliigeuza akatazama nyuma, kana kwamba zile namba nyingine zimeandikwa huko.

Akauliza nani aliandika. Mke akasema ni yeye.

Alimpa Koki kijiko cha maji mazito, akaweka vidole viwili kooni na kifaa cha kusikilizia pembeni ya shingo. Koki akameza. Hakukohoa. Akamtazama mtaalamu kama anavyomtazama mwenye nyumba mbele ya geji. Mtaalamu akamwambia aseme "aaa". Aliyoitoa ilikuwa sauti ya mtu anayesukutua. Akachukua kijiti chenye pamba, akamwambia afungue kinywa, akamgusa nyuma kabisa ya koo, kushoto, kisha kulia.

"Umehisi, fundi?"

"Kuhisi nini?"

Akamgusa tena, kwa nguvu kidogo. Koki alikaa na kinywa wazi, akingoja mtaalamu aanze.

Picha ya kifua ilionyesha sehemu ya chini ya pafu la kulia imekuwa nyeupe, na la kushoto limeanza. Wiki tatu nzima vijiko vyake vilikuwa vikishuka mahali pasipostahili, na bilauri za karakanani juu yake. Mtaalamu aliwaita mke na binti ukumbini. Aliwaambia koo lile limeacha kupeleka habari. Hawezi kusema kama ni ugonjwa uliomaliza nusu iliyobaki, au ni mapafu yaliyojaa yamemchosha, au ni wao waliomzoesha mlinzi kunyamaza mpaka akalala. Kwa leo ni mamoja.

"Ile saba ilikuwa nzuri," alisema. "Kama siku iliyofuata ingeandikwa kumi, ningewaita, ningemtazama, ningebadilisha zoezi. Mwezi huu ndio uliokuwa wake. Siwezi kuwarudishia."

Mke alisimama na mkoba wake ameukumbatia. Binti alisema kuhusu homa, kwamba aliiona, siku nane nyuma. Mtaalamu alitikisa kichwa polepole, akarudi ndani.

Koki alilazwa siku kumi na tisa. Alifungwa kinyago cha hewa, na kuna siku mbili ambazo binti aliambiwa asiende kazini. Hakufa. Kifua kilipopata nafuu ya kutosha kuhimili kisu, walimtoboa tumbo na kuweka mpira. Hakukataa, mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta hewa hakatai kitu. Kile alichokikimbia kwa mwezi mzima kilimfikia akiwa dhaifu kuliko kama angekingoja amekaa.

Na hata mpira haukumponya. Chakula kilipita tumboni, lakini mate hayana mpira. Yale mate, ambayo mimi nawe tunayameza mara mamia kwa siku bila habari, yaliendelea kumvuja kifuani hata alipolala kwa kuinuliwa, na koo halikumwamsha. Alirudi wodini mara mbili katika miezi minne. Mtaalamu alimjaribu tena kila mara, kwa barafu, kwa kijiti, kwa mazoezi ya ulimi. Mara ya mwisho alimwandikia kwenye faili kwamba mazoezi yamesitishwa, akamshika mkono, akamwambia ukweli kwamba hana tena cha kumfundisha.

Binti aliomba radhi. Alipiga magoti kabisa karibu na kitanda, akasema alipaswa kupiga simu. Baba yake alitikisa mkono hewani kama anayefukuza nzi, akanyoosha kidole kuonyesha mkebe wake. Binti akampa mkebe. Hawakulizungumza tena. Mwashi alikuja mara moja, akakaa, akatafuta utani hakuupata, akaaga. Siku hizi hupita njia ya nyuma ya ukuta, na simlaumu sana. Alipokea habari za uongo akazipeleka kwa moyo safi. Wa kulaumiwa walikuwa ndani.

Mke ndiye aliyebaki na kazi yote. Alimimina chakula kwenye mpira mara tano kwa siku, kila mara amekaa upande uleule wa kitanda. Chakula chake mwenyewe alikula jikoni, amesimama, mlango umefungwa na kitambaa kimesokotwa chini ya mlango ili harufu isitoke. Alikula haraka kama mwizi. Alikonda.

Adhuhuri moja mlango wa jikoni uligongwa. Mumewe alikuwa amesimama, ameshika ukuta, mkebe mkononi. Akamwambia alete sahani mbele. Mke akasema hapana, mume wangu, siyo mbele yako. Akamwambia tena alete.

Wakaketi chumba cha mbele, uso kwa uso. Sahani ilikuwa ya viazi na maharage. Mke alitia tonge kinywani, akatafuna akiwa ameinamisha macho. Mume alikuwa hatazami sahani. Alikuwa anatazama koo lake, pale mfupa unapopanda na kushuka, na alisogeza kichwa karibu kama alivyokuwa akisogea kusoma namba ndogo. Tonge likapita. Akangoja la pili, nalo likapita.

"Unafanyaje?" aliuliza. Hakuwa anatania. Aliuliza kama mteja anavyomuuliza fundi.

Mke aliweka kijiko chini. Alijaribu kufikiri, kwa kuwa alitaka sana, walau mara hii, kumpa jibu la kweli.

"Sijui," alisema. "Inakwenda yenyewe."

Koki aliweka vidole viwili kwenye koo lake. Akafunga mdomo, akainamisha kidevu, akakaza uso wote. Vidole vilikaa palepale, hapakuwa na kitu kilichopanda chini yake. Mate yakamtoka pembeni ya mdomo upande wa kushoto, yeye asijue. Mkewe alimfuta kwa upindo wa kanga yake, akachukua sahani, akairudisha jikoni.